Breki ya Katambuga

Pale Iguguno, kando ya barabara kuu, Emiliana aliuza mafuta ya alizeti. Wengi walimwita Mama Loyce. Basi likisimama tu, yeye huyo dirishani, chupa mbili kila mkono.

"Safi haya! Mapya! Nusa mwenyewe!"

Mama huyu aliyaamini mafuta yake kupita kiasi. Mlango ukilia, alitia mafuta. Toroli likikwama, mafuta. Mjomba wake alipolalamikia goti, alipakwa mpaka suruali ikaloa. Na kusema kweli, mara nyingi yalisaidia. Ndiyo maana ilikuwa kazi kubishana naye.

Binti yake Loyce alikuwa na miaka kumi na minne. Katika klabu ya ufundi shuleni alitengeneza gari la mbao. Lilikuwa na magurudumu manne, usukani na breki. Injini halikuwa nayo. Muhula mzima alipiga randa na misumari, vidole vikatoka malengelenge. Jumamosi alikuwa aende Mwankoko, Singida Mjini, kwenye mashindano ya magari ya vijana.

"Gari bila injini linashindanaje?" mama yake aliuliza.

"Linashuka mteremko, mama. Uzito wake ndio unalipeleka."

"Na ukitaka kumpita mwenzako?"

"Hatupitani kama mabasi. Mwalimu Febronia atakueleza."

"Mimi nielezwe nini tena? Kutwa nzima si nayaona magari yanavyokimbizana hapa!"

Ijumaa jioni Loyce alikwenda kuchota maji. Mama yake akalisukuma gari kidogo, aone. Likalia kwii, kwii.

"Masikini, lina kiu," akasema.

Akaleta chupa. Akatia mafuta kwenye magurudumu. Akatia kwenye usukani. Nyuma akaona vipande viwili vya raba, vikavu kabisa. Akavionea huruma navyo. Akavipaka vizuri, kwa upendo wote wa mzazi.

Kesho yake, kule Mwankoko, barabara ya mteremko ilikuwa imefungwa. Kamba zilizuia watazamaji pande zote. Mwisho wa mteremko kulikuwa na marobota ya majani makavu, gari likizidiwa liishie hapo. Mwalimu Febronia, msimamizi wa klabu, akawapokea.

"Shikamoo, Mama Loyce."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mwambie huyu akae katikati ya barabara. Asimpishe mtu!"

Mwalimu akacheka. "Hapana, mama. Hapa wanashuka wawili wawili. Kila mmoja na upande wake. Anayevuka mstari wa katikati anatolewa. Kisha wanarudi juu, wanabadilishana upande, wanashuka tena. Tunajumlisha muda wa safari zote mbili. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi."

"Wabadilishane pande kwa nini?"

"Upande mmoja unaweza kuwa mzuri kuliko mwingine. Wakibadilishana, hakuna wa kuisingizia barabara."

"Na wenye miili je? Yule kijana pale ameshiba kwelikweli."

"Tunapima gari na dereva wake pamoja. Mwepesi anaongezewa mchanga, wote walingane."

Mama Loyce akaguna. Kumbe mambo yalikuwa yamefikiriwa, tena bila yeye.

"Ila kwanza ni ukaguzi," Mwalimu aliendelea. "Kofia ngumu, usukani na breki. Gari lisiloshika breki halishuki. Hatuna mjadala hapo."

Mkaguzi aliitwa Noel. Alimweka Loyce garini, mahali penye mteremko mdogo.

"Haya, shika breki."

Loyce akavuta breki. Gari likaondoka taratibu. Likampita Noel. Likaipita meza ya Noel. Likaenda kugonga ndoo ya maji ya kunywa, ikapinduka. Watu wakaangua kicheko. Loyce hakucheka.

Noel akainama, akagusa raba za breki. Akanusa vidole.

"Nani amekaanga maandazi humu?"

Loyce akageuka. "Mama!"

"Si lilikuwa linalia!"

"Muhula mzima, mama! Muhula mzima nimelitengeneza!" Machozi yakamtoka.

Mama Loyce akazitazama raba zile. "Nimekosa," akasema mbele ya watu wote. "Jamani, nimemharibia mwanangu."

Mwalimu Febronia akamgusa bega. "Sikiliza, mama. Gurudumu tunataka lizunguke kwa ulaini. Breki tunataka ing'ang'anie. Mafuta hata tone moja yasifike kwenye breki."

"Raba ikishanywa mafuta haifai tena," Noel akasema. "Wekeni nyingine. Lakini foleni hii ikiisha, nafunga ukaguzi."

Foleni ilibaki na magari machache. Raba itoke wapi? Mama Loyce akatazama huku, akatazama kule, akatazama chini. Miguuni alikuwa na katambuga, viatu vyake vya tairi kuukuu.

"Raba hii hapa!" akapiga kelele. "Tena ya lori!"

Akavua kimoja, akaomba kisu, akainama kwenye gari. Mwalimu akamdaka mkono.

"Hapana, mama. Hapa mzazi hagusi gari. Dereva analitengeneza mwenyewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na wewe ndio kabisa!"

Loyce akafuta machozi. Akang'oa raba za zamani. Akaosha mbao na magurudumu kwa sabuni, akakausha. Akakata kisigino cha katambuga vipande viwili, akavipigilia. Mama yake alisimama nyuma ya kamba, mikono mgongoni, mmoja ukiushikilia mwingine usichomoke.

"Shika breki," Noel akasema.

Gari likasimama tuli. Noel akalisukuma kwa bega. Wapi!

"Huyu anashuka," akasema.

Loyce alipangwa na Mughwai, kijana wa mjini. Safari ya kwanza Mughwai alitangulia kidogo.

"Mzibie nji..." Mama Loyce akaanza, kisha akajiziba mdomo mwenyewe.

Wakabadilishana upande, wakashuka tena. Safari hii Loyce alitangulia. Akavuka mstari wa mwisho, kofia imemfika machoni. Hapo hapo kuku mmoja na vifaranga wake, ambao hawakusikia maelezo ya Mwalimu Febronia, wakaingia barabarani.

Mama Loyce akaikamata kamba kwa mikono miwili.

Loyce akavuta breki. Raba ikalia kwiii! Gari likasimama. Kuku akalitazama, akaita wanawe, akaenda zake.

"Kiatu changu hicho!" Mama Loyce akaruka, mguu mmoja peku. "Mmekiona? Kiatu changu!" Alikuwa akicheka, na machozi yanamtiririka.

Muda ulipojumlishwa, Loyce alikuwa amemshinda Mughwai. Jioni akatangazwa wa tatu kati ya wote.

"Mama, nitakutafutia viatu vingine," alisema wakati wa kurudi.

"Acha kwanza. Wataniuliza kingine kiko wapi, nami nina la kuwaeleza."

Siku hizi, basi likisimama Iguguno, Mama Loyce haanzii dirisha la abiria. Anaanza kwa dereva.

"Mafuta haya ni ya kupikia tu. Breki zako zinashika?"

"Zinashika, mama."

"Shika nione."