Vita Ambavyo Babu Hakuvimaliza

Kila jioni Babu aliporudi kutoka chuo kikuu, mjukuu wake wa kike alimvua viatu na kumletea maji ya uvuguvugu akande miguu. Babu alikuwa balozi miaka mingi, kisha akawa profesa, na sasa uzee ulimkuta angali anasahihisha kazi za wanafunzi. Mjukuu walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Babu, kesho nitawasimulia wenzangu darasani maisha yako. Ni kweli ulipokuwa balozi ulimaliza vita?"

Babu alikuwa amesinzia, mgongo wima.

"Babu! Unalalaje umekaa?"

"Nilijifunzia mikutanoni," akajibu bila kufumbua macho. "Niache kidogo, mama." Akaanza kukoroma.

Basi Chiriku akajitungia. Kesho yake alisema babu yake alisimama katikati ya majeshi mawili, akatoa hotuba moja tu, askari wakatupa bunduki. Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu akafurahi. "Ijumaa tumwalike atusimulie mwenyewe!"

Chiriku akanywea. Jioni hiyo alisahau hata maji ya miguu. Babu alipomuuliza kulikoni, akayatoa yote huku analia.

Babu akashusha pumzi ndefu. "Vita vile havikuisha kwa hotuba, mjukuu wangu. Tulizungumza na wakubwa wa pande zote mbili mpaka sauti zikatukauka. Walisusa, nikawafuata, wakarudi, wakasusa tena. Mwishowe nilichoka, nikaitwa nyumbani, akaja mwingine akamalizia. Mimi nilichowaachia ni kuaminiana. Ningewadanganya mara moja tu, hata salamu yangu wasingeipokea." Akamtazama. "Ijumaa nitakuja. Lakini utaanza wewe."

Siku ilipofika, Chiriku alisimama mbele ya darasa. "Nilidanganya. Babu hakumaliza vita."

"Mwongo!" sauti ikatoka nyuma, wengine wakacheka.

Babu akaegemea meza, akasimulia taratibu jinsi alivyokuwa akikaa kutwa nzima akitazama kiti kitupu, akimngoja mtu aliyesusa. Kicheko kikafa chenyewe.

"Hukukata tamaa?" akauliza yuleyule wa nyuma.

"Nilikata, tena mara nyingi. Kukicha naoga, nakwenda kazini."

Kisha akamwekea Chiriku mkono begani. "Wanangu, njia ya mwongo ni fupi. Kazi ya kweli ni ndefu na inachosha, lakini haihitaji kupambwa. Mwenzenu amesema kweli mbele ya watu wanaomcheka. Nimewaona mabalozi wazima wakishindwa hilo."