Taa Asiyoiona Dereva

Kila siku ya safari, kabla jogoo wa jirani hajachoka kuwika, Chausiku alikuwa ameshafagia bodi la pikapu ya baba yake. Aliokota vipande vya kamba na maganda ya machungwa, akamwaga maji palipochafuka, kisha akapanda mbele na kungoja. Baba yake, mzee Twaha, alikuwa mchukuzi wa mizigo. Walitoka nyumbani kwao Handeni mjini, wakapakia machungwa Mazingara, wakayapeleka sokoni Korogwe. Shule zikifungwa, Chausiku hakukosa safari. Alikuwa darasa la sita, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na baba yake alipenda kuwaambia wachuuzi, "Huyu ndiye utingo wangu. Tena utingo asiyenidanganya."

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu. Taa zake za nyuma zilikuwa zimepasuka siku nyingi, na askari wa barabarani walikwisha kumwonya Twaha. Jumamosi moja ya likizo ya Juni, baada ya kushusha mzigo, alisimama kwenye duka la spea la Girish.

"Taa ya kiwandani ya gari hili sina," Girish alisema huku akipangusa boksi kwa kitambaa. "Gari lako na mimi ni marika, Twaha. Chukua hii ndefu, unaifunga katikati, chini ya mlango wa nyuma. Gari lolote linaikubali."

"Itawaka kweli?"

"Mimi nauza taa. Habari za kuwaka kamuulize fundi."

Fundi alikuwa Kaleb, fundi umeme wa magari aliyekuwa na banda lake la mabati Old Korogwe. Alikuwa mtu mpole kutoka milimani, ambaye hakuacha waya ukining'inia hata kwenye gari la mtu mkorofi. Alitoboa matundu mawili, akaifunga taa, akapitisha nyaya zake mbili chini ya bodi. Mmoja aliuunga na waya wa breki. Wa pili, unaorudisha umeme, akaukaza kwa nati kwenye bodi la gari. Alikuwa bado chini ya gari aliposikia anaitwa. Lori la mteja wake lilikuwa limezimika katikati ya barabara na kuziba njia.

"Twaha, kanyaga breki, mtoto aangalie nyuma," Kaleb alisema akijifuta mikono. "Ikiwaka, nendeni zenu. Isipowaka, nisubirini mpaka nirudi." Akachukua mfuko wa vifaa, akaondoka mbio.

Chausiku akazunguka nyuma. Jua la saa kumi lilikuwa limeinama na kuipiga ile taa uso kwa uso, na plastiki yake nyekundu iling'aa kama kaa la moto. Akasikia pedali ikikanyagwa.

"Inawaka?" baba aliuliza kutoka mbele.

Chausiku alitazama. Taa ilikuwa nyekundu. Lakini ilikuwa nyekundu hata kabla baba hajakanyaga. Ingetosha kuikinga kwa kiganja ili ipate kivuli, au kumwomba baba aachie pedali na kukanyaga tena. Ila kule nyumbani binamu yake alikuwa anaolewa kesho yake, na wasichana wote wa ukoo walikuwa wanapakwa hina jioni hiyo. Kama taa haiwaki, wangemngoja Kaleb mpaka giza liingie.

"Chausiku, inawaka?"

"Inawaka, baba."

"Umeiona vizuri?"

"Nimeiona."

"Haya, panda twende."

Walikuwa wamekaribia Handeni kundi la ng'ombe lilipokatiza barabara, mchungaji akilikimbilia na fimbo yake mkononi. Twaha akakanyaga breki kwa nguvu zote, na pikapu ikasimama hatua chache tu kutoka kwenye pembe za ng'ombe wa kwanza. Ndipo ukasikika kishindo nyuma yao. Vyuma vikasagana, kisha kukawa kimya.

Aliyelala barabarani alikuwa Yordani, dereva wa bodaboda. Chausiku alimfahamu tangu utotoni, maana Yordani alikuwa kaka wa Yuditha, na Yuditha ndiye aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Baba yao alikwisha kufariki. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa inawalisha. Sasa ilikuwa imejikunja chini ya pikapu, na mguu wa kulia wa Yordani ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Hakulia. Aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mzee, sikujua kama unasimama," alimwambia Twaha. "Sikuona taa."

Taa yenyewe ilikuwa imevunjika vipande vipande, vimetapakaa juu ya lami. Chausiku alivitazama. Jioni ile aliwaambia wenzake kwamba tumbo linamuuma. Hakupakwa hina.

Hospitalini walisema mfupa wa paja umevunjika vibaya na jeraha limeingiwa na uchafu. Wangejitahidi, lakini waliwaomba ndugu wajiandae, kwa sababu huenda mguu ukakatwa.

Siku iliyofuata askari wa usalama barabarani, Afande Catherine, alifika nyumbani kwa Twaha. Aliketi kwenye kigoda uani na kuuliza maswali yake taratibu. Alipouliza ni nani aliyehakikisha kwamba taa inawaka, Twaha alimvuta Chausiku karibu.

"Ni binti yangu huyu. Afande, nimemlea mwenyewe. Akisema ameona, ameona. Taa iliwaka Korogwe, ikazimika njiani. Yule fundi alilipua kazi, akaifanya haraka haraka."

Afande aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Chausiku. "Uliiona ikiwaka, mama?"

Chausiku alimtazama baba yake. Mkono wa baba ulikuwa begani pake, mzito na wa joto.

"Niliiona," alisema.

Neno hilo moja lilitoka likaenda zake, wala hakuweza tena kulishika. Waendesha bodaboda wa Handeni waliwaambia wenzao wa Korogwe, nao wakawaambia madereva wa malori. Haukupita muda banda la Kaleb likawa halina gari hata moja. Waliopita walimnyooshea kidole: fundi wa kulipua, fundi aliyemvunja mtoto wa watu. Habari hizo zilimfikia Chausiku zikitoka kinywani mwa baba yake mwenyewe, wakati wa kula. Usiku alijifunika shuka mpaka kichwani. Alifikiri kwamba akisema kweli, baba yake hatamwamini tena maisha yake yote. Alifikiri kwamba akinyamaza, itakuwa hivi hivi kila siku. Hakuona njia upande wowote.

Shule zilipofunguliwa, Yuditha alikuja na sare isiyopigwa pasi, macho yamemvimba.

"Huyo fundi namwombea mabaya kila ninapolala," alisema. "Mama anasema ni dhambi. Mimi namwombea tu. Wewe si ulimwona, yukoje?"

"Ni mtu wa kawaida."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Kama anao, na wao wakose wa kuwanunulia sare."

Chausiku alifungua kitabu cha Hisabati, akakitazama bila kukisoma mpaka kengele ikalia.

Jumapili moja Twaha alimchukua waende kumjulia hali Yordani. Walipoingia wodini walimkuta Kaleb amesimama karibu na kitanda, mkungu wa ndizi miguuni pake. Alikuwa amekonda, na shati lake lilimpwaya. Yuditha alikaa upande wa miguuni mwa kaka yake, mgongo wake ameuelekeza kwa mgeni.

"Shikamoo, fundi," Chausiku alisema kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Marahaba, mwanangu," Kaleb alijibu, kisha akamgeukia mgonjwa. "Yordani, nimekaa nikakumbuka kila nati niliyoikaza siku ile. Sikumbuki nilikosea wapi. Lakini mtoto aliona ikiwaka, kwa hiyo ni kweli iliwaka, na mimi nilifunga kitu kikaachia njiani. Tangu hapo nikishika bisibisi mkono unatetemeka. Siwezi tena kuuamini. Narudi kwetu nikalime. Nimeona nisiondoke kabla sijakuomba msamaha."

Yordani aligeuza uso ukutani.

"Msamaha haumrudishii mguu," Yuditha alisema bila kugeuka.

Kaleb aliinama kuusogeza mkungu ili usizibe njia ya wauguzi, na Chausiku akauona ule mkono. Ulikuwa unatetemeka kweli, kama wa mzee sana. Ndipo alipoelewa alichokifanya. Alidhani amempokonya Kaleb wateja tu. Kumbe alikuwa amempokonya mtu mwaminifu imani ya mikono yake mwenyewe.

"Sikuiona," alisema.

"Umesemaje?" Twaha aliuliza.

"Taa. Sikuiona ikiwaka, baba. Jua lilikuwa linaipiga, ilikuwa nyekundu muda wote. Nilitaka twende nyumbani kwenye hina. Nikasema nimeiona. Na afande nikamdanganya pia."

Yuditha alisimama, akamtazama Chausiku kama mtu ambaye hajawahi kumwona, akatoka nje. Twaha alifungua mdomo. "Chausiku," alisema, na maneno mengine hayakuja. Chausiku angeona afadhali kuchapwa.

Kaleb alikaa polepole kwenye ukingo wa kitanda. "Basi haikuwaka kabisa," alisema. "Tangu mwanzo haikuwaka. Bado kuna kosa langu hapo. Lakini hilo ni kosa ninaloweza kulitafuta."

Kesho yake Twaha, Chausiku na Kaleb walikwenda kituo cha polisi, pikapu ilikokuwa imezuiliwa. Kaleb alilala chini ya pikapu kwa muda, akatoka na vumbi mgongoni. Ule waya wa kurudisha umeme alikuwa ameufunga juu ya rangi. Aliitwa kabla hajaikwangua rangi ili waya uguse chuma kitupu, akasahau, na umeme ukakosa njia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia afande hivyo, tena bila kuulizwa.

"Kama mtoto angesema haiwaki, ungechukua muda gani kuitengeneza?" Afande Catherine aliuliza.

"Kukwangua rangi tu, afande. Chai ingekuwa haijapoa."

Chausiku alilisikia jibu hilo, na katika yote aliyoyasikia siku zile, hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Afande aliandika maelezo upya. Twaha na Kaleb wakabeba mbele ya sheria kila mmoja sehemu yake, Kaleb kwa kuacha kazi bila kuikagua mwenyewe, na Twaha kwa kumwachia mtoto jukumu la mtu mzima na kupeleka lawama mahali asipopajua. Twaha alikwenda Old Korogwe akawaeleza madereva, mmoja mmoja, kwamba alimsingizia mtu. Magari yakaanza kurudi bandani, kidogo kidogo, na mkono wa Kaleb nao ukatulia hivyo hivyo, kidogo kidogo.

Yuditha alihama dawati. Chausiku akakaa peke yake muhula mzima. Kila Jumamosi, badala ya kupanda pikapu, alikwenda nyumbani kwa kina Yuditha kuteka maji na kufua. Yuditha hakumsemesha. Alimwonyesha ndoo kwa kidevu, akaingia ndani.

Mguu wa Yordani haukukatwa. Ulitiwa chuma ndani, ukapona polepole, na mvua za vuli zilipoanza aliruhusiwa kujaribu kutembea bila magongo. Majirani walikusanyika uani. Alitoka mlangoni akaenda mpaka jikoni, jasho likimtiririka.

"Naonekanaje?" aliuliza.

"Kama zamani," mama yake alisema.

"Asiyejua hawezi kujua," jirani mmoja akaongeza, na wengine wakaitikia.

Yordani aligeuza shingo. Nyuma yake, kando ya pipa la maji, alisimama Chausiku na ndoo yake.

"Chausiku, wewe uko nyuma yangu. Unaona nini?"

Uwanja mzima ulimgeukia. Yuditha pia alikuwa anamtazama. Chausiku alitamani kusema kile ambacho kila mtu alitaka kukisikia.

"Unachechemea, kaka. Goti la kulia hulikunji, unauzungusha mguu kwa nje. Na bega moja limeshuka."

Mama Yuditha alishika kiuno, akataka kumkemea. Yordani alimzuia kwa mkono.

"Mwache, mama. Nilikuwa nahisi hivyo. Nyie mnanipenda, ndiyo maana mnanidanganya, lakini daktari alisema nisipolikunja hili goti litakauka." Akamtazama Chausiku. "Hakuna mtu anayeona kisogo chake. Mimi sioni ninavyotembea, na baba yako akiwa kwenye usukani haioni taa yake ya nyuma. Aliyesimama nyuma yetu ndiye macho yetu. Akiona, aseme ameona. Asipoona, aseme hajaona. Hilo nalo ni jibu zima, wala hakuna mtu mzima wa haki atakayekuchapa kwa hilo. Lakini akisema ameona kitu ambacho hakukiona, anatupeleka gizani wote."

Aliegemea ukuta wa jikoni apate pumzi.

"Sitasema nimekusamehe yote. Mguu ukiuma usiku, nakukumbuka. Lakini weka hiyo ndoo chini, usimame hapo hapo. Nisipokunja, uniambie."

Akaanza kutembea tena kuelekea mlangoni. Yuditha alitoka pale alipokuwa, akaja kusimama kando ya Chausiku, naye akawa anatazama.

"Tayari?" Yordani aliuliza.

"Bado, kaka," Chausiku alisema.

"Na sasa?"

"Bado. Kunja zaidi."

Hatua nyingine, nzito, ya maumivu.

"Hapo," alisema Chausiku. "Hapo umekunja. Nimeona."