Mkanda wa Kumi

Naitwa Steinunn, mpishi wa shule, na haya yalimpata Eyvindur, mdogo wangu wa tumbo moja. Sitaongeza chumvi. Ninayotia kwenye sufuria inatosha.

Ilikuwa Jumatano ya Novemba, siku ya samaki. Nilikuwa naponda chewa na viazi, madirisha yameshika ukungu, watoto wako madarasani, viatu vyao vimejaa mlangoni. Eyvindur akaingia kwa mlango wa nyuma akipuliza vidole. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa michezo.

"Dada, una mafuta ya kondoo?"

"Ya kula au ya kupaka?"

"Ya kulainisha ngozi."

Akatoa kitu kwenye mfuko na kukilaza juu ya meza yangu ya chuma. Ulikuwa mkanda wa glima, mieleka yetu ya jadi: mkanda mpana wa kiunoni, na mingine miwili myembamba ya kufunga mapajani. Ya shule ni ya kahawia na bado inanukia duka. Huu ulikuwa mweusi, mgumu kama samaki mkavu, na bizimu yake ya kufungia ilikuwa ya mfupa.

"Umeutoa wapi huu?"

"Nyuma ya ukumbi."

Nikaelewa. Mwezi Septemba katapila lilikuwa linachimba msingi wa vyumba vipya vya kubadilishia nguo, likafukua mifupa ya mwanamume aliyelala kifudifudi. Polisi walikuja, wakaja na watu wa mambo ya kale, wakaibeba mifupa kwenye boksi hadi mji mkuu, Reykjavik. Hakuna aliyetaja mkanda, kwa sababu Eyvindur alikuwa ameshaingia shimoni kabla yao.

"Eyvindur, hiki ni cha maiti."

"Maiti hana mashindano Desemba, mimi ninayo. Nina wanafunzi kumi na mikanda tisa, na wa kumi umekwama bandarini."

"Kirudishe."

"Kwa nani? Mwenyewe amesafiri." Akacheka, akachota mafuta kwa vidole viwili, akaenda zake.

Niliifuta ile meza mara tatu. Pale mkanda ulipolala, chuma kilibaki baridi hadi saa nane mchana, na sufuria ilikuwa inachemka pembeni yake.

Jiko langu na ukumbi wa michezo vinatenganishwa na ukuta wenye dirisha la kupitishia chakula. Nikiosha vyombo naona vipindi vyote. Katika glima wawili husimama wima, kifua kwa kifua. Mkono wa kulia hushika mkanda kiunoni, wa kushoto hushika ule wa pajani. Hamruhusiwi kutazama chini. Kila mmoja hutazama juu ya bega la mwenzake. Kisha mnazunguka kwa hatua, kama dansi, hadi mmoja atege mguu na mwenzake aanguke. Kumwangukia aliyekwisha kuanguka ni aibu. Watoto wetu hufundishwa hilo kabla hawajafundishwa kitu kingine.

Alhamisi ile, mkanda mweusi haukupata mtu. Wasichana walisema unanuka. Mwishowe ukamwangukia Bergur, mtoto wa miaka kumi na mitano, mwembamba, asiyewahi kumwangusha yeyote.

Ketill, mtoto wa nahodha, mwenye shingo kama ndama, akamcheka. "Haya Bergur, uji wa mgonjwa! Leo utalamba sakafu upande gani?"

"Upande wowote, Ketill. Nimeshazizoea zote."

Wote wakacheka. Wakashikana. Wakazunguka hatua nne. Kisha Ketill akawa hewani, miguu juu, akatua chali mpaka vyombo vyangu vikalia kabatini.

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. "Bergur! Umekula nini? Mafuta ya maini ya papa?" Walimbeba mabegani. Eyvindur alinitazama kupitia dirishani huku akitabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu pia. Nilikuwa nimeshamwona mtoto yule akila peke yake miaka miwili.

Ila niliona kitu kimoja. Wenzake walipombeba, Bergur hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Wiki mbili zilizofuata aliwaangusha wote, na kila mara aliyeanguka aliamka taratibu zaidi. Siku moja mtu alitoka na pua inayovuja damu. Siku nyingine jino lilibaki sakafuni, na msichana wa darasa la tisa akaliokota kwa karatasi. Eyvindur aliandika majina ya mashindano. La Bergur lilikuwa juu.

"Mbona anaumiza watoto?" nikamuuliza.

"Hajazoea nguvu zake, dada. Ni umri."

"Umri haubadilishi hatua za mtu. Sikiliza anavyotembea."

Nilimwambia asikilize kwa sababu nilikuwa nimesikia. Wakizunguka wawili, nilikuwa nahesabu miguu sita.

Jumanne ya kwanza ya Desemba, saa tano na nusu asubuhi, Bergur alipangiwa kushindana na Hugrun. Binti huyu ni mwepesi, ana akili ya mchezo, na ndiye pekee aliyekuwa akimsalimia Bergur zamani.

Akamnong'oneza, lakini dirisha lilikuwa wazi nikasikia. "Polepole leo, ee?"

"Kataa," Bergur akasema. "Mwambie mwalimu unaumwa. Kataa, Hugrun."

Filimbi ikalia. Walizunguka mara mbili. Hugrun akatega mguu, akakosa, akanyanyuliwa, akatupwa. Hapo mchezo ulipaswa kuisha. Bergur akaruka akamwangukia, goti mbele. Nilisikia mbavu. Zililia kama kuni mbichi.

Eyvindur akapuliza filimbi. Bergur akainua goti tena. Akapuliza tena. Goti likashuka. Ketill akamrukia kwa nyuma kumvuta, na Bergur, bila kugeuka, akamshika mkono akaupinda kama mtu anayefungua bomba. Mfupa ukatoka nje ya ngozi. Ketill alikuwa amefungua mdomo wote, sauti haitoki.

Niliingia mbio na taulo za jikoni. Watoto wanalia, wengine wamepanda ngazi za ukutani kama wanaokimbia mafuriko. Nikawatoa wote. Hugrun tukambeba juu ya godoro hadi ofisini, Ketill nyuma yake, na gari la wagonjwa likaitwa. Niliporudi ukumbini walikuwa wamebaki wawili. Eyvindur alikuwa amepiga magoti mbele ya Bergur, anahangaika na bizimu.

"Haifunguki," akasema. "Dada, kisu."

Nikamletea kisu changu cha kuchunia samaki. Akakeketa, akachoma, akapiga. Ngozi haikupata hata mkwaruzo. Na mkanda ulikuwa unaingia. Kila Bergur alipotoa pumzi, ulikaza, wala haukulegea alipovuta nyingine. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya maini.

"Mikono haikuwa yangu," alinong'ona. "Mwalimu, haikuwa yangu."

"Najua, mwanangu."

"Nikitazama juu ya bega la mtu, namwona. Anasubiri zamu."

Nilimpigia mchungaji wetu, Valdis. Nyumba yake haiko mbali na shule. Nilimweleza mkanda na mifupa kwa pumzi moja. Hakuniuliza kama nimelewa. Nilisikia anafunua kurasa.

"Yupo kwenye kitabu cha zamani cha kanisa," akasema. "Anaitwa Ormur. Alikuwa anawavunja watu mgongo wakiwa wameshaanguka. Tisa walikufa. Wanakijiji walimkamata usingizini, wakamzika kifudifudi na mkanda wake, nje ya uzio. Steinunn, imeandikwa hapa kwamba hamwachi aliyemshika mpaka apewe mwenye nguvu kuliko huyo. Naja. Msifanye kitu. Naja sasa hivi!"

Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu. Eyvindur alikuwa amesikia.

Kwetu mzuka si moshi wala pazia linalotikisika. Ana nyama, ana uzito, na anapigana. Bibi zetu walitufundisha hivyo, tukaacha kuamini tulipopata umeme. Eyvindur alinitazama, nikaona ameamini.

"Usithubutu," nikasema.

"Nani aliingia shimoni, dada? Mimi au huyu mtoto?"

Akasimama. Akavua jaketi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeita jina darasani: "Ormur. Muache. Nipo mimi."

Bizimu ikafunguka yenyewe. Tak. Mkanda ukaanguka, na Bergur akavuta pumzi kwa sauti ambayo bado naisikia. Nikamvuta kwa kwapa hadi mlangoni.

Eyvindur akaufunga kiunoni. Akafunga na ile ya mapajani. Akasimama katikati ya ukumbi, wima, mikono mbele kama mtu anayekumbatia hewa.

Mkanda ukashikwa.

Niliona ngozi ikikunjamana upande wa kulia, pale vidole vinapopita. Niliona suruali ikivutwa pajani. Kifua chake kikarudi nyuma kidogo, kama kimeguswa na kifua kingine. Akatazama juu ya bega ambalo mimi sikuliona. Uso wake ukafa rangi.

Wakaanza kuzunguka.

Hatua zake zilikuwa nyepesi. Za mwenzake zilitikisa mbao. Mzunguko mmoja. Wa pili. Eyvindur akatega mguu wa ndani, akasukuma nyonga, na nikasikia mtu mkubwa akitoa pumzi kwa mshtuko. Harufu ya udongo wa baridi ikajaa ukumbi.

"Mwangushe!" nikapiga kelele. "Mwangushe, Eyvindur!"

Alikaribia. Naapa alikaribia. Kisha akanyanyuliwa.

Alipigizwa kwenye ngazi za ukutani, mbao tano zikakatika. Akarudi chini kwa miguu, bado wima, damu inatoka sikioni. Akatega tena. Akanyanyuliwa tena. Bega likatoka mahali pake, nikaliona linaning'inia. Hakuachia. Mkono mmoja haukuachia. Alikuwa anacheka au analia, sijui. "Simama vizuri," alisema kwa meno yaliyojaa damu. "Simama vizuri, wewe, hujafundishwa?"

Mara ya tatu alikwenda juu kuliko kimo cha mtu yeyote. Akatua chali.

Nikaanza kukimbia kumwendea. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake nilipoona tumbo lake likibonyea, ghafla, kwa upana wa goti. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu nilisikia mgongo.

Nilijitupa juu yake. Sikufikiri. Juu ya mgongo wangu nilihisi uzito ukisita, baridi yake ikapenya sweta mpaka mifupani. Ukakaa hapo kwa muda wa pumzi mbili. Kisha bizimu ikafunguka chini ya tumbo langu. Tak.

Valdis alipoingia, ameshika kitabu na theluji nywelani, alikuta mpishi amelala juu ya mwalimu wa michezo na mtoto mlangoni anasema samahani, samahani, samahani.

Mkanda aliuchukua yeye kwa koleo la jikoni kwangu. Aliuzika alasiri ile ile, akaweka mawe mazito juu yake, na mahali hapo hajamwonyesha hata mumewe. Polisi waliandika ajali ya mazoezi. Mbavu za Hugrun ziliunga. Mkono wa Ketill uliunga umepinda kidogo, na siku aliyotoka hospitali alikwenda kukaa meza moja na Bergur akala hapo. Bergur hajagusa michezo tena. Shule ilimpa ruhusa asishiriki.

Eyvindur anaishi kwangu. Kuanzia kiunoni kushuka hana habari na mwili wake. Namwogesha, namgeuza, namlisha. Tunataniana kama zamani. Nikimuuliza alimwona nani juu ya lile bega, ananiomba nibadilishe stesheni ya redio.

Juni iliyofuata shule ilifungwa, mafundi wakaja kuukwangua ukumbi na kupaka sakafu vanishi mpya. Walipaka Ijumaa, wakafunga milango yote, funguo wakaniachia mimi. Jumatatu asubuhi fundi mkuu alikuja jikoni amekasirika.

"Mama, nani ulimfungulia?"

"Sijafungua mtu."

"Njoo uone."

Kwenye vanishi iliyokauka kulikuwa na nyayo. Miguu mitupu, jozi mbili, zikizunguka katikati ya ukumbi kwa duara, mara nyingi mno kuhesabu. Hakuna zilizotoka mlangoni wala zilizoelekea mlangoni. Hakuna alama ya mtu aliyeanguka.

Jozi moja ilikuwa kubwa, imezama kwenye mbao ngumu kama iliyokanyaga siagi. Jozi nyingine ilikuwa ya kawaida. Mguu wake wa kushoto umegeukia nje, na kidole kidogo hakipo. Kidole hicho kilikatwa na baridi ziwani mwaka mdogo wangu alipotimiza miaka tisa. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji.

"Unamjua mwenye mguu huu?" fundi akauliza.

"Simjui," nikasema.

Nilirudi nyumbani, nikapasha maji, nikamwogesha Eyvindur kama kila siku. Uso, kifua, mikono. Alikuwa amechoka sana, akasinzia nikiwa namkausha. Shuka lilikuwa limemfunika miguu, nami nikaliacha hivyo hivyo. Ila chumba kizima kilikuwa kinanuka vanishi.