Stika ya Shemasi Gaston

Jumapili hiyo ya mwaka 2017 nyumba ya Hénock, huku ugenini mtaa wa Observatory, ilikuwa shwari. Denise, mkewe, anapika sombe, kisamvu cha kwao. Binti yao Gaëlle anabishana na televisheni kwa Kizulu. Baba mwenyewe kakaa sakafuni anaitazama fremu ya baiskeli kama bwana harusi anayesubiri shela ifunuliwe. Sikilizeni, majirani, maana utulivu huo haukudumu hata sombe kuiva.

Hénock alikuwa mlinzi wa zamu kule Sandton kwa matajiri, na siku za mapumziko alikimbiza baiskeli ya kuazima kwenye velodromu, ule uwanja wa mviringo wenye kona zilizoinuka kama ukuta. Klabu ikamwambia: Jumamosi njoo na baiskeli yako, ukifanya vizuri unaingia timu. Fremu za kaboni ni za wenye magari. Yeye akatafuta ya chuma. Akapata mbili, bei sawa. Ya Fiacre, Mrundi wa klabu hiyohiyo, ilikuwa na mikwaruzo na rangi ya ugali uliolala. Ya Gaston, shemasi wa kanisani kwao na mtu wa Bukavu kama yeye, ilikuwa nyekundu, inang'aa, na pale bomba la chini linapokutana na shingo ilibandikwa stika kubwa: YESU ANAWEZA.

Mnadhani alichukua ipi?

Fiacre alipopita kuiona, akainama. "Kaka, rangi mpya juu ya chuma cha zamani inanitia shaka. Bandua hiyo stika tuone chini."

"Nibandue jina la Bwana?"

"Bwana hatakasirika. Utairudisha."

"Wewe kanisani sijakuona hata siku ya harusi!"

"Papa Gaëlle," Denise akasema, "muache atazame. Kwani jicho linakula chuma?"

Hénock akawaangalia wote wawili. Ahaa! Huyu anaitaka nafasi yangu ya timu. Na mke wangu, ameanza lini kumtetea? Tangu hapo fremu ikafungwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Simu ya Denise ikilia tu: "Ni Fiacre huyo?" Jamani, ni mama mkwe, anapiga kutoka Bukavu! Denise akahamia kulala chumbani kwa mtoto.

Jumamosi Hénock aliingia kona kwa kasi, akakanyaga kwa nguvu zote. Shingo ya fremu ikakatika. Baiskeli za pale hazina breki, eish, na hata zingekuwa nazo, zingesaidia nini shingo ikishakatika! Akaanguka, mtulinga wa bega ukavunjika. Aliyeacha mbio zake na kumkimbilia ni Fiacre.

Hospitalini, Fiacre alikoileta ile fremu iliyokatika, Hénock aliibandua stika mwenyewe kwa mkono mmoja mzima. Chini yake palikuwa na puti ya kuzibia nyufa, na ndani ya puti ufa wenye kutu ya siku nyingi. Gaston alikuwa amekuja kumwombea.

"Shemasi, ulijua?"

"Ndugu, nilijua. Ndiyo maana niliibandika, ikulinde."

Fiacre akageukia dirishani. Nafasi ya timu ilishapotea, na zamu za Sandton alishapewa mwingine.

"Mama Gaëlle," Hénock akasema polepole, "ile simu..."

"Mama anakusalimia," Denise akajibu. "Anauliza lini utaacha kumchunguza yeye na simu zake."

Funzo

Wenzangu tunaoishi ugenini, shaka si dhambi, ila tunaielekeza kusikostahili. Tunamshuku anayetuambia tukague, na tunamwamini anayetutajia nyumbani kwetu au kanisa. Kagua chuma, usikague simu ya mkeo. Na ukiona jina la Mungu limebandikwa juu ya bidhaa, libandue kwa heshima, utazame chini yake. Mungu hana ufa wa kuficha.