Picha Iliyokwama Ng'ambo

Kila siku wakati wa mapumziko, Chiriku ndiye aliyechekesha darasa zima. Jina hilo alipewa na mwalimu kwa vile mdomo wake haukujua likizo. Lakini wiki hiyo alikuwa kimya kama maji ya mtungi. Siku ya nne sasa, rafiki yake Twiga hakuja shule.

"Funga mdomo, nzi wanaingia!" wenzao walikuwa wamemzomea siku ya mwisho alipokuja, mpaka akatoka akilia. Walikuwa wameiona picha yake kwenye tovuti ya vichekesho: amesinzia darasani, kinywa wazi, udenda unamtoka. Hakuna aliyejua nani kaipeleka huko, isipokuwa Chiriku. Ni yeye aliyeipiga na kuipeleka, kwa simu aliyoazima kwa shangazi yake.

Alitafuta pa kuifutia, hapakuwepo. Akawaandikia wenye tovuti. Wakamjibu kwa ufupi: "Sisi tuko ng'ambo. Sheria za kwenu hazituhusu." Aombe msaada, ajulikane. Anyamaze, picha izidi kutazamwa. Kila alikogeukia, ukuta.

Jumamosi alimkuta shangazi, karani wa mahakama, akipanga majalada mezani.

"Shangazi, mtu akiwa nchi nyingine, sheria ya hapa inamfikia?"

"Inategemea. Kafanya nini?"

Machozi yalitangulia, maneno yakafuata. Alisema yote.

Shangazi hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi. Alivaa miwani, akaifungua tovuti. "Imeandikwa kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Na hili tangazo?"

"Sare za shule… Ah! Si lile duka la pale stendi?"

"Ndilo. Wanawaita watoto wa hapa, wanachukua matangazo ya hapa, na anayelia yuko hapa. Halafu waseme sheria ya hapa haiwahusu? Kuwafikia ni kazi, mwanangu, lakini pa kuwashikia papo. Ila lalamiko lazima alisaini mama yake Twiga. Utamweleza wewe, kwa kinywa chako."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo alikwenda. Mama yake Twiga, fundi cherehani, alisimamisha mashine na kumsikiliza mpaka mwisho. Akachukua kalamu, akasaini. Twiga, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyesema: "Nilimdhania kila mtu. Wewe sikukudhania."

Barua ya lalamiko ilipelekwa ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano, nakala ikapelekwa dukani. Mwenye duka akaondoa tangazo lake siku hiyohiyo. Siku ya tisa, wale wa ng'ambo wakaifuta picha. Twiga alirudi shule, ingawa ilimchukua muda kumzoea Chiriku tena.

"Tumeshinda, shangazi," Chiriku alisema.

"Tumewashinda wao," shangazi alijibu. "Tumehangaika kutafuta sheria ya kuwafikia watu wasiomjua Twiga. Wewe unamjua, na picha ilitoka mkononi mwako. Kabla hujabonyeza kitufe, muulize mwenye sura. Akikataa, hiyo ndiyo sheria yako ya kwanza."