Kidole na Diski ya Uzi Mwekundu

Kila siku akitoka shule, Kidole alifanya mambo yaleyale. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akachota maji, akabandika sufuria ya wali, kisha akaketi mkekani sebuleni kumngoja baba yake. Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Kidole, kwa sababu tangu anatambaa hakuwahi kuona kitufe akakiacha bila kukibonyeza.

Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi. Alirudi jioni na madoa meupe kwenye nywele, akanawa, wakala. Baada ya chakula waliwasha mashine ya kurekodi iliyokuwa chini ya televisheni, wakachagua kipindi kimoja cha mama. Kimoja tu, maana baba aliogopa kwamba wakivizoea vitaisha utamu.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kabla maradhi hayajamchukua, alikuwa akifundisha ushonaji katika kituo kidogo cha televisheni, na baba alivirekodi vipindi vyake vyote. Kituo chenyewe kilishafungwa na vifaa vyake vikauzwa. Kwa hiyo sauti ya mama ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya mashine ile yenye vumbi.

Kidole alikipenda zaidi kipindi cha kwanza kabisa. Humo yeye mwenyewe, akiwa mdogo wa kujikwaakwaa, aliingia mbele ya kamera akiburuta futi ya kupimia. Mama alicheka mpaka akashindwa kuendelea na somo. "Jamani, huyu ndiye mkaguzi wangu," alisema, akampakata.

Jioni moja maandishi yalitokea kwenye kioo cha televisheni. Nafasi ilikuwa imejaa, na vipindi vya zamani vingeanza kufutwa ili vipya vipate mahali.

"Vya zamani ndivyo vya mama yako," baba alisema. Hakuimaliza hata chai yake. Alichukua simu akampigia mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa redio na televisheni, na mdomo wake haukuishiwa utani. Alikuja siku ya mapumziko, baba akiwa kazini, amebeba kompyuta yake na diski mpya yenye nafasi kubwa.

"Mpwa wangu, leo vidole mfukoni," alisema huku akifungua skrubu za mashine. "Ikibidi nitavifunga kamba."

"Mjomba, naangalia tu!"

"Kuangalia kwako nakujua mimi."

Alichomoa diski ya zamani, bapa la chuma lililotosha kiganja. Ilifanana kabisa na ile mpya. Mjomba alifungua kopo la nyuzi la marehemu, akakata uzi mwekundu na kuifunga ile ya zamani. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote, hakuweka diski mbili juu ya meza bila alama.

"Yenye uzi ndiyo yenye dada yangu," alisema. "Isiyo na uzi haina mtu."

Kisha akaiunganisha diski mpya na kompyuta. Kioo kikauliza kama anataka kuiandaa kwa matumizi. Mjomba akabonyeza Ndiyo, akasubiri kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na aliona kila kitu.

Kabla mjomba hajaanza kunakili vipindi, simu yake ililia. Kwenye ukumbi wa jirani vipaza sauti vilikuwa vimenyamaza, na wageni walishakaa. "Naenda mara moja," alisema. "Usiguse kitu, mwanangu. Nisikilize vizuri. Usiguse."

Nyumba ikawa kimya. Kidole alizunguka meza mara kadhaa. Alitamani kukiona kile kipindi cha futi kwenye kompyuta, basi, kisha arudishe kila kitu mahali pake. Kuchungulia si kugusa, alijiambia. Akachomeka waya kwenye diski yenye uzi.

Kompyuta haikuonyesha kipindi chochote. Iliuliza swali lilelile ililomuuliza mjomba, kama anataka kuiandaa diski kwa matumizi. Kidole hakujua kwamba lugha ya mashine ya kurekodi haisomwi na kompyuta mpaka mjomba afungue programu yake maalumu, na kwamba kompyuta isipoelewa diski huiona kama tupu. Alikumbuka tu kwamba mjomba alijibu Ndiyo na mambo yakanyooka. Naye akabonyeza Ndiyo.

Ukurasa mweupe ulifunguka. Ndani yake hapakuwa na kitu.

Alichomoa waya, akairudisha diski mahali pake na kuulaza uzi vilevile. Mjomba aliporudi, alimkuta amejikunyata mkekani na kitabu cha sayansi alichokishika kichwa chini miguu juu.

Baba naye aliingia wakati mjomba ameinamia kompyuta. Mjomba aliijaribu diski yenye uzi. Akaijaribu isiyo na uzi. Akarudia tena, na jasho likamtoka. Zote mbili zilikuwa tupu.

"Shemeji," alisema hatimaye, bila utani hata chembe. "Asubuhi niliandaa diski mpya. Nadhani nilikosea. Nadhani nimeiandaa na ya zamani pia."

"Unadhani?" baba aliuliza. "Nilikukabidhi sauti ya dada yako, leo unaniambia unadhani?"

"Niachie niende nayo. Nitajaribu kutafuta—"

"Hugusi tena kitu humu ndani!" Baba aliinyakua diski yenye uzi, akaisukuma ndani ya mashine, akaanza kukaza skrubu kwa hasira. "Toka, shemeji. Toka kabla sijasema maneno mabaya."

Mjomba alikusanya vifaa vyake. Mlangoni aligeuka akasema taratibu, "Basi nakuombeni, msiiwashe hiyo mashine."

Kidole alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Jioni baba hakuuweza ukimya wa nyumba, akaiwasha mashine na kuiacha ipige kelele, taarifa za habari, mpira, matangazo ya sabuni. Tabia ya mashine ile ilikuwa kurekodi kila kinachopita, na taa yake ndogo nyekundu ikawaka wakati wote. Kidole aliyakumbuka maneno ya mjomba kila alipoiona taa ile. Lakini kumkumbusha baba kungeleta maswali, na maswali aliyaogopa. Akajifanya haoni.

Mchana mmoja, akitoka shule, miguu ilimpeleka kwenye kibanda cha mjomba. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama dirishani na mashine ya kurekodi mkononi.

"Mpelekee fundi mwingine, mama," mjomba alikuwa akisema. "Mimi siku hizi sigusi diski za watu. Mkono wangu umeharibika."

"Wewe? Mtaa mzima unakusifu!"

"Nilimfuta dada yangu mwenyewe," mjomba alijibu, na kuinamia redio iliyokuwa mbele yake.

Mwanamke aliondoka akiguna. Kidole aliingia. Machozi yalikuwa yameshamtangulia.

"Mjomba, si wewe. Ni mimi. Nilichomeka diski yenye uzi, ikauliza, nikasema Ndiyo."

Kidole alingoja kofi, au kelele. Badala yake mjomba aliuliza, "Mashine imewashwa?"

"Kila siku."

Mjomba alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Walikwenda mbio, kibanda kikaachwa wazi. Mjomba alipofika sebuleni hakutafuta hata kitufe, alichomoa waya ukutani. Taa nyekundu ikazimika.

Baba alipoingia alikunja uso. "Nani kakuruhusu—"

"Baba, mfutaji ni mimi," Kidole alisema. Alisimulia yote, tangu futi mpaka kitabu kichwa chini. Baba alikaa chini polepole na kufunika uso wake kwa viganja vyenye rangi.

Mjomba aliondoka na diski ile. Kompyuta yake ilitafuta usiku na mchana, na siku ya mapumziko iliyofuata akawaita kibandani. Wakakaa watatu kwenye benchi. Mama akatokea kioo kizima, akitia uzi kwenye sindano, akieleza namna ya kukunja pindo. Baba alilia waziwazi. Kipindi kingine kilikuwa na sauti bila picha. Kingine kilikatika katikati ya neno. Kidole alingoja kile cha futi.

"Hicho hakipo," mjomba alisema. "Vya mwanzo vyote vimekwenda. Mpira na sabuni vimekaa juu yake."

"Nilivifuta," Kidole alisema.

"Hapana. Sikiliza, mpwa wangu, na hili likukae. Siku ile ulipobonyeza, kompyuta ilichana ukurasa wa yaliyomo tu, kama kwenye kitabu. Kurasa za ndani zote zilikuwapo. Ungeniambia nilipoingia mlangoni, leo mama yako angekuwa mzima humu. Kosa lako lilikuwa dogo. Kimya chako ndicho kilichomfuta."

"Na hasira yangu," baba alisema. "Shemeji aliniomba nisiiwashe. Nisamehe, kaka."

Mjomba alimshika bega, kisha akachukua diski mpya iliyobeba vipindi vilivyosalia, na kipande cha uzi mwekundu. Akampa Kidole.

"Ifunge wewe."

Kidole aliifunga mafundo mawili. Kwenye kioo mama aliinua pindo lililokamilika, akatabasamu kwa watazamaji wake, na kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kuingia na futi, aliendelea na somo.