Bolti Iliyokosekana

Ndege ya saa moja asubuhi ikipita juu ya paa letu pale Otonglo, mimi huwa nimeshamaliza uji na ninatafuta soksi. Mama yangu, Dorca, huwa ameshaondoka zamani. Yeye ni fundi wa ndege katika uwanja wa Kisumu. Hutoka kungali na giza, amevaa ovaroli ya buluu na tochi mfukoni, ili aikague ndege hiyo kabla abiria hawajapanda. Nikiisikia ikinguruma kuelekea Nairobi, najua mama ametia sahihi yake, nami nafunga mlango na kwenda shule.

Jumatatu moja ndege hiyo haikuruka. Nilisubiri, nikachelewa, nikaadhibiwa kufagia darasa.

Naswa, ninayekaa naye dawati moja katika Gredi ya Saba, alichelewa kuliko mimi. Aliingia amekunja ndita na hakuniacha hata niweke ufagio chini.

"Debra, mamako ana shida gani?" aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Baba alikuwa na mkutano Nairobi. Amekaa airport tangu saa kumi na mbili, sasa amerudi nyumbani. Ndege ni mpya, inang'aa, lakini mamako amekataa iende!"

"Labda aliogopa kelele ya injini," mwingine akadakia, na darasa zima likaangua kicheko.

Niliona haya, kisha nikawaka hasira. Sikumkasirikia Naswa. Nilimkasirikia mama. Kila mtu Kisumu aliijua ndege ile, jeti ya aina ya Merlan 90 iliyoletwa mwezi mmoja tu uliopita. Watu walikuwa wakisimama kando ya ua wa uwanja kuipiga picha. Mama yangu alikuwa nani hata aikatae?

Jioni nilimkuta sebuleni, saa ambazo hawi nyumbani kamwe. Ovaroli ilikuwa bado mwilini na barua iko mezani.

"Wamenituma nyumbani," alisema. "Nikae mpaka waniite. Kama wataniita."

"Si ungetia tu sahihi, Mama! Ndege ni mpya!"

Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. "Debra, toka hapa mbele yangu. Siku nitakayopoa nitakueleza."

Hakupoa upesi. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alisugua sufuria mpaka nikazihurumia. Nami shuleni nilitaniwa kila siku, na kila siku nikarudi nyumbani nimenuna. Tuliishi hivyo hadi Ijumaa, mama na mwana, kila mmoja na hasira zake.

Katika siku hizo, Alhamisi, Mwalimu Waithira aliniita ofisini. Yeye ndiye mlezi wa Chama cha Mazingira na mimi nilikuwa katibu. Jumamosi wanachama ishirini na wanne tungekwenda kisiwa cha Ndere kwa boti ya injini.

"Majaketi ya kuokolea maisha yamefika," alisema, akinionyesha magunia mawili. "Kuna fomu hapa. Fungua kila jaketi, uvute mikanda, ujaribu kishikizo, uangalie mshono, ubonyeze kilichojazwa ndani, kisha utie tiki na sahihi. Nakuamini."

Niliketi na magunia yale stoo. Majaketi yalikuwa mapya, ya rangi ya machungwa, kila moja ndani ya plastiki yake. Nje wenzangu walikuwa wakicheza mpira wa kati. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na haraka, na nikajiambia kitu kipya hakiwezi kuwa na kasoro. Nilitia tiki ishirini na nne, nikaandika jina langu chini kwa madoido na kurudisha fomu.

Ijumaa jioni mama alikuwa akiparua samaki jikoni. Bila kuniangalia, akaanza kusema.

"Karibu na mlango wa nyuma wa ile ndege kuna kibao kinachoshikiliwa na bolti nne. Nilipopitisha mkono nikakisikia kinacheza. Nikakifungua. Bolti mbili zimelegea. Moja haipo kabisa."

"Haipo? Imeanguka?"

"Haikuwahi kutiwa, nyathina, mwanangu. Tundu lilikuwa na rangi safi ya kiwandani, halina hata mkwaruzo." Alikitupa kisu kwenye karai. "Na karatasi ya kiwanda ninayo. Inasema bolti nne zimekazwa. Watu wawili wametia sahihi. Wawili! Kule wanaagizwa watoe ndege nyingi kila mwezi, wakichelewa wanafokewa, kwa hivyo mtu anaweka alama kabla ya kuangalia. Ndipo meneja ananiambia, Dorca, ndege ni mpya, weka sahihi tuondoke. Mle ndani mngekuwa na watu tisini. Baba yake Naswa angekuwa mmoja wao."

Hasira yangu yote iligeuka ikaelekea kwingine. Nilisimama. "Hao ni watu gani, Mama? Unawezaje kutia sahihi kitu ambacho hata hujakigusa? Wanafaa kufungwa! Wanafaa..."

Akilini niliyaona magunia mawili, na jina langu chini ya ile fomu.

"Wanafaa nini?" mama aliuliza.

"Hakuna," nilisema. Ndiyo, niliogopa. Mtu aliyekuwa akipiga kelele za haki sekunde moja kabla aliogopa kumwambia mama yake ukweli, na usiku ule sikupata usingizi.

Jumamosi asubuhi ufuo wa Usoma ulikuwa na upepo. Wenzangu walikuwa wameshavaa majaketi na kupiga foleni, wakiimba. Mzee Obonyo, mwenye boti, alikuwa akijaza mafuta. Naswa alikuwa wa kwanza kuingia. Alipovuta mkanda wake nikatoka kwenye foleni.

"Mwalimu!" niliita. "Tusiende. Sikuyaangalia."

"Hukuyaangalia nini?"

"Majaketi. Nilitia tiki tu. Sikufungua hata moja."

Nyimbo zilikoma. Mwalimu Waithira alinijia mpaka nikarudi nyuma hatua mbili. "Debra! Nimesimama mbele ya wazazi ishirini na wanne nikawaambia watoto wao wako salama. Nimewaambia kwa sababu ya jina lako!"

"Wacha basi, Mwalimu, twende tu," Naswa alilalamika kutoka kwenye boti. "Si hizi ni mpya?"

"Nyinyi watoto, mpya ni nini?" Mzee Obonyo aliunguruma. "Lete hiyo kitu hapa."

Alilichukua jaketi la Naswa, akalifungia kamba na jiwe la ukubwa wa ngumi mbili na kulitupa majini. Lilielea. Tukaanza kupumua. Kisha likaanza kuinama upande mmoja, polepole, na kabla hatujahesabu hadi hamsini lilikuwa limezama pamoja na jiwe lake. Mzee Obonyo alilivuta kwa kamba, akalipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na sponji ya kuoshea vyombo, iliyokatwakatwa, inatiririka maji.

"Hii ni ya kuua watu," alisema. "Mtu ameshona hii akijua. Mwingine ameuza. Mwingine amesema iko sawa."

Huyo wa tatu nilikuwa mimi. Hakunitaja, na ingekuwa heri angenitaja. Tulijaribu yote. Kumi na moja yalizama. Naswa alikaa mchangani, uso umemwishia damu.

Safari ilifutwa. Mwalimu Waithira alipeleka majaketi kituo cha polisi na mwenye duka aliyeyauza akaitwa kujieleza. Mimi niliondolewa ukatibu mbele ya chama chote. Iliniuma.

Wiki iliyofuata wakaguzi wa serikali walifika kutoka Nairobi na kufungua vibao vya ndege zote nne za Merlan 90 zilizokuwa nchini. Mbili nyingine zilikuwa na bolti zilizolegea pale pale. Zote zikazuiliwa chini hadi watu wa kiwanda waje wazitengeneze. Mama akaitwa kazini. Meneja alimpa chai, hakumwomba radhi, na mama alirudi nyumbani jioni akifoka kuhusu chai hiyo.

Ndipo nilipomweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Yule aliyetia sahihi kule kiwandani sijui jina lake," alisema. "Sitamwona maishani, hasira zangu haziwezi kumfikia. Lakini wewe ninakufikia, kwa hivyo wewe utanisikia. Ukiandika jina lako umesema, nimeangalia kwa macho yangu. Kama hukuangalia, umedanganya. Na uongo wa namna hiyo haumuui aliyeusema. Unamuua aliyepanda."

"Lakini nilisema mwishowe, Mama."

"Ulisema, na watoto wa watu wako hai. Hilo nitalikumbuka." Alinishika kidevu. "Lakini ulisema mtu akiwa ameshaingia botini, Debra. Siku nyingine sema ukiwa bado stoo."

Aliinuka akaenda kubadilisha nguo. Nilibaki pale kitini muda mrefu, nimejikasirikia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile niliona hasira yangu imempata aliyeistahili.